Mkuu wa Wilaya ya Lugozersk, Makao Makuu Mayfair

Jumamosi, 7 Februari

Hakuna mtu Afrika Kusini nzima, awe profesa, awe balozi, anayeijua Urusi kunishinda mimi Mwadini, na mimi hata pasipoti yangu imekwisha muda. Sisemi Urusi yote. Urusi yote ni kubwa hata kwa kichwa changu. Nasema Wilaya ya Lugozersk. Najua mito yake, mipaka yake, nani kahama na nani kabaki. Nipeni hiyo wilaya miaka miwili tu niiongoze, watu watasahau baridi.

Shule niliiacha kidato cha pili, Tanga. Mwalimu wa hesabu alitaka niingie darasani, mimi sikutaka, tukaachana kwa amani.

Aliyeniingiza kwenye mambo ya Urusi ni Fahad. Fahad ni mtoto wa mjomba wangu Abdulrahman, kwa hiyo ni binamu, na binamu kwetu ni mtani, naruhusiwa kumsema nitakavyo hata siku ya maziko yake. Huu ni mwaka wake wa nne huko, anasomea udaktari wa mifugo. Mwezi uliopita chuo kilimtoa mjini kikampeleka mafunzo ya vitendo kwenye mabanda ya ng'ombe, kijiji kinaitwa Malaya Tishina, ndani ya wilaya hiyohiyo. Mtoto wa fundi kanzu anapima homa ng'ombe! Tangu hapo dukani kwetu Mayfair, chumba cha mbele cha nyumba, hakuna habari nyingine. Mteja akija kushonesha, anashoneshwa Fahad kwanza.

“Mwanangu yuko Urusi,” mjomba anasema, pini zimo mdomoni.

Na nani anafagia? Nani anamtungia uzi kwenye sindano, maana jicho lake la kushoto limeshakufa na la kulia linaona ukungu? Mwadini. Anayeitwa mwanangu ni nani? Fahad.

Basi nimeamua. Fahad aishi huko, mimi nitaijua. Tutaona nani bingwa.

Jumapili, 8 Februari

Mvua ya mawe. Imetoboa bati la stoo. Mjomba kauliza kama na kule kwa Fahad kunanyesha mawe.

Alhamisi, 12 Februari

Ramani imekamilika. Nimeichora kwa kalamu nene nyuma ya boksi la vitambaa, nikaibandika ukutani juu ya cherehani. Yasmin, mdogo wake Fahad, ndiye kanifundisha kuigeuza tovuti ya wilaya iwe lugha ya watu. Ana miaka kumi na miwili, kazaliwa hapahapa, Kiswahili anakielewa ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, akikasirika kwa Kizulu.

Wilaya yangu ni kubwa kuliko mkoa wote huu wa Gauteng, na watu wake hawajazi uwanja mmoja wa mpira. Makao makuu ni mji wa Lugozersk, una stesheni ya treni, hospitali, na ofisi ya halmashauri yenye rangi ya haradali. Mto Sulda unaikata wilaya katikati kama mkunjo wa suruali. Ng'ambo yake ni msitu na vinamasi, halafu kata tatu, na mwisho wa yote Malaya Tishina. Kata zote zilikuwa tisa. Mwaka jana waliunganisha mbili kubana matumizi, kata ya akina Fahad ikanyang'anywa ofisi, sasa mtu wa kule akitaka muhuri lazima avuke mto. Na kuna vijiji kumi na kimoja ambavyo wakazi wake ni sifuri. Sifuri! Wote wamekufa au wamehama, lakini jina limo kwenye orodha na kibao kimesimama njiani. Kwetu kitongoji kina watu mia nane, kinalilia kuitwa kijiji tangu sijazaliwa, hakisikilizwi. Kule hewa tupu ina hadhi ya kijiji.

Akaingia Glody, Mkongo wa Yeoville, fundi wa suruali, kuja kuazima uzi kama kawaida yake.

“Petit, mdogo wangu, hii nini ukutani? Munahama?”

“Hiyo wilaya yangu.”

“Wilaya yako! Na weye ni nani huko?”

“Mkuu wa Wilaya.”

Akasimama wima akanipigia saluti kwa mkasi. “Mheshimiwa, kwangu Yeoville maji haitoki tangu jana. Fanya kitu.”

“Andika barua, ipitie kwa mtendaji wa kata.”

Mjomba alicheka mpaka akatema pini. Kisha akainuka, akaisogelea ramani hadi pua ikaigusa. “Nioneshe mwanangu yuko wapi.”

Nikamshika kidole nikakiweka Malaya Tishina. Akakiacha pale muda, kama anayesikiliza mapigo ya moyo. Nilingoja aseme ramani nzuri. Alisema, “Mbali.”

Alhamisi, 19 Februari

Ramadhani mosi. Kiu. Fahad kapiga kusema kule jua linazama mapema, anafunga masaa machache. Hata njaa kapewa ndogo.

Ijumaa, 27 Februari

Fahad hupiga kila Ijumaa, na hupiga kwenye simu yangu, kwa sababu ya mjomba ni kitochi kisicho na picha. Kwa hiyo mimi ndiye ninayeshika simu wakati wao wanalia. Leo kajionesha na ndama aliyemzalisha kwa mikono yake, kavaa kofia ya manyoya, kafanana na kuku aliyelowa. Bi Mayasa, mkewe mjomba, ambaye nami namwita mama, akaibusu simu. Simu yangu, ina mate mpaka sasa.

Tukafuturu. Zikaja tambi. “Fahad anapenda tambi,” akasema mama. Zikaja kachori. “Laiti Fahad angekuwepo.” Likaja bakuli la kunde, nikasema moyoni hapa niko salama, kumbe wapi: Fahad akiwa mdogo alikataa kunde, ikawa hadithi ya robo saa.

Hizo tambi nazila mwaka wa tatu nyumba hii. Hakuna aliyeniuliza kama nazipenda. Nazipenda sana.

Jumatatu, 2 Machi

Hospitali na mjomba. Mimi ndiye niliyeingia naye ndani kwa daktari. Ni presha ya jicho. Lile lililobaki linaondoka, na dawa zinachelewesha tu. Daktari hakuzunguka: mwezi wa nne anaweza kuufikia akiwa bado anaona sura za watu, wa tano hamwahidi.

Teksi ikasimama kwenye robot ya pili, zile taa za barabarani. Mjomba akanishika goti. “Fahad asijue. Ataacha masomo aje kukaa na kipofu. Mwambieni baba amekukumbuka, basi.”

“Sawa mjomba.”

“Nataka nimwone mara moja tu. Kile kitambaa cha Kijapani nimemwekea yeye. Nikimwona, namkatia.”

Lazima nieleze. Mjomba hatumii tepu. Anakutazama mara moja ukiwa umesimama kwenye mwanga, anachukua chaki, anakata, na kanzu inakukaa kama umezaliwa nayo. Watu wanatoka Pretoria kuja kutazamwa. Fahad aliondoka mwembamba kama mwiko, sasa kapanuka mabega, na mjomba hawezi kumkatia mtu ambaye jicho lake halijamwona.

Jumanne, 3 Machi

Leo nimeamua jambo la kimataifa.

Fahad kapiga baada ya tarawehe. Chuo kinampa ruhusa ya wiki mbili, achague: mwezi huu, au katikati ya Aprili. Mama akasema aje hata leo. Mjomba akainua mkono, akageuza uso upande niliokaa.

“Mkuu wa Wilaya. Unasemaje?”

Nyumba nzima ikanigeukia, na Fahad mwenyewe kwenye simu katega sikio. Nikakohoa kidogo, kama wakubwa.

“Machi haifai,” nikasema. “Kule sasa hivi ni barafu tupu. Theluji kiunoni, mto umeganda, gari litapita wapi? Stesheni iko ng'ambo. Akijaribu sasa atakwama porini. Aprili barafu inayeyuka, jua linatoka, njia zinafunguka. Ni kama kwetu tu, mtu hasafiri masika ikiwa katikati, anangoja kukauke.”

“Ina mantiki,” Fahad akasema. “Mimi nililetwa usiku nimelala garini, sikuiona hata hiyo barabara.”

“Basi Aprili,” mjomba akasema. “Ila isizidi hapo.” Kisha akanipapasa kichwa. “Ahsante, mwanangu.”

Mwanangu. Nimeiandika hapa isipotee.

Ijumaa, 6 Machi

Kanzu za Idi zimetujaa hadi kwenye viti. Nimetunga uzi mpaka naota matundu ya sindano. Glody kaleta mashati yake, anasema, “Mheshimiwa, wilaya inaendeleaje?” Nimemjibu bajeti imepita.

Jumatano, 11 Machi

Nimepitia habari za wilaya kama kawaida. Hakuna jipya. Mvua imekatika mchana.

Ijumaa, 13 Machi

Fahad hakupiga, mtandao wa kijijini kwao umelala. Yasmin kaniuliza mbona siku hizi simu naigeuza uso chini. Nimemwambia ni siri za serikali. Kaniita jina la Kizulu ambalo sitaliandika.

Jumanne, 17 Machi

Mjomba kanituma kabatini nimletee kile kitambaa cha Kijapani. Nikadhani anataka kukishika tu, kama anavyofanya kila mara. Akakikunjua mezani, akakipangusa kwa kiganja.

“Simama pale. Kwenye mwanga.”

“Nani, mimi?”

“Kuna mwingine?”

“Mjomba, hicho si cha Fahad?”

“Cha Fahad kitanunuliwa kingine. Wewe ndiye uliyenishika mkono mwaka huu. Simama, acha kujitikisa kama kuku.”

Nikasimama mlangoni, mvua ya jana imesafisha hewa, jua linapiga usoni. Mjomba akakunja lile jicho bovu, akanitazama kwa lililobaki. Kwa kawaida ni mara moja tu na haraka. Leo alichelewa. Alinitazama kuanzia kisigino mpaka kipajini, akarudi, akatulia usoni, ambapo kanzu haina kazi napo.

“Una kidevu cha mama yako,” akasema. “Sikuwahi kukiona.”

Akachukua chaki. Akaanzia begani. Sikumtungia uzi vizuri leo, macho yangu nayo yalikuwa na ukungu. Vumbi la chaki.

Laiti Fahad angeona.

Jumamosi, 21 Machi

Idi. Nimemshika mjomba mkono kutoka nyumbani mpaka msikitini, polepole, kanzu yangu inang'aa kuliko ya imamu. Msomali mmoja mwenye duka la simu akasalimia, akauliza, “Huyu ndiye mwanao?”

“Ndiyo,” mjomba akasema.

Hakuongeza wa Urusi. Hakuongeza kitu.

Tambi nimewekewa sahani ya kwanza. Nimekula taratibu. Sijui kwa nini hazikupita vizuri.

Ijumaa, 27 Machi

Balaa. Fahad kapiga analia.

Kwa amri ya mkuu wa wilaya, yule halisi, njia imefungwa. Njia ipi? Mto wenyewe. Daraja hakuna. Wakati wa baridi mto ukiganda wanaupigia mstari, wanaweka vibao, na malori ya maziwa yanapita juu yake kama lami. Baridi ndiyo inayofungua barabara, joto ndilo linaloifunga. Barafu ikishalegea, hapiti mtu wala mbwa, mpaka iondoke yote na kivuko kirudi majini, mwisho wa Mei. Daraja la karibu liko wilaya jirani, na mpaka wa wilaya mbili hizo ni kinamasi kitupu. Wagonjwa mahututi ndio wanaopandishwa helikopta. Mtu anayemkumbuka baba yake hapandishwi.

Nikangoja kipigo.

Glody, aliyekuja na sukari ya mkono wa Idi, ndiye aliyeanza. “Sasa nani angejua? Sisi kwetu maji ndiyo inafunga njia. Barafu naiona kwa friji tu.”

“Sisi ni watu wa mvua,” mama akasema. “Mtoto alisema alichokijua.”

Mjomba akaja mpaka kwenye ramani, akatafuta kwa vidole, akaupata mto. Akaufuata wino toka juu hadi chini. “Kumbe ulichora barabara,” akasema, “hukujua tu.” Akanigonga begani. Hakuna aliyenilaumu. Hata mmoja. Laiti wangenizaba kofi.

Jumatatu, 6 Aprili

Baridi ya kwanza asubuhi. Lugozersk mto umeanza kupasuka, wameweka video, barafu inagongana kama makabati yanahamishwa.

Jumapili, 12 Aprili

Mjomba kachanganya uzi mweupe na wa krimu kwenye kanzu moja. Mteja kaona, kaiacha mezani. Nikaufumua usiku nikashona upya.

Jumatano, 22 Aprili

Saa kumi jioni, dukani, taa zote mbili zinawaka na mlango uko wazi.

“Umeme wamekata tena?” mjomba akauliza.

Nikamtazama Yasmin. Yasmin akanitazama mimi. Cherehani ya umeme ilikuwa inaunguruma mbele ya mjomba, mguu wake mwenyewe uko kwenye pedali.

“Ndiyo baba,” Yasmin akasema. Kwa Kiswahili. “Wamekata.”

Mjomba akatoa mguu kwenye pedali. Cherehani ikanyamaza, akakaa anaisikiliza. Akatabasamu kidogo. “Wamekata,” akasema.

Alhamisi, 30 Aprili

Anahesabu ngazi kwa mguu. Hataki fimbo. Wateja wanaondoka wakiahidi kurudi.

Jumatano, 6 Mei

Barafu imekwisha kupita. Kivuko bado. Wilaya imetangaza zabuni ya rangi ya kukipaka. Rangi!

Jumamosi, 16 Mei

Fahad kafika.

Kavushwa na boti ya mkaguzi wa samaki, akapanda treni, ndege mbili, na teksi aliyokosea akashushwa Randburg, upande mwingine wa jiji. Kaingia mlangoni jioni na begi moja. Ni kweli kapanuka mabega. Ana ndevu. Mama alipiga kelele iliyotoa majirani nje.

Mjomba akasimama katikati ya duka, mikono mbele. “Sogea.”

Fahad akasogea. Nikaona sasa hivi ndipo anapoelewa, maana hakuna aliyemwambia. Alimtazama baba yake machoni na macho yakawa yanatazama kando yake, kwenye ramani yangu.

Mjomba akaanza kumpima kwa shibiri. Bega hadi bega. Bega hadi kifundo. Kila shibiri anaitaja kwa sauti ndogo, halafu anaisahau, anarudia. Mtu ambaye hakuwahi kugusa tepu. Alipofika usoni akazishika ndevu.

“Mwadini, zikoje?”

“Nyeusi, mjomba. Hazijajaa upande wa kulia.”

“Kafanana na nani?”

Nikainama kuokota pini. Kafanana na mjomba mwenyewe, sura ileile. Yasmin ndiye aliyemwambia.

Jumapili, 17 Mei

Majani ya uani yameungua kwa baridi. Asubuhi Fahad kanikuta nje naanika vitambaa, akaketi juu ya ndoo.

“Mtani, nikuulize kitu, na usinifiche. Nilimkosea nini baba?”

“Umkosee nini?”

“Nilikuandikia. Wenyeji waliniambia mto unafungwa, nikakuandikia siku ileile: nije wiki hii, ama nitakwama hadi Mei, muulize mzee aamue. Ukanijibu mzee kasema palepale, Aprili. Njia ilipofungwa nikalia, ila nikaona vibaya kumlaumu mzee simuni. Sasa najiuliza, mtu anayejua macho yake yanakwisha, anakataa kumwona mwanawe kwa nini?”

Hapa ndipo mdomo wangu wote huu, mdomo ulioongoza wilaya nzima bila mshahara, ulipata nafasi.

“Unamjua mzee,” nikasema. “Akishasema, kasema.”

Akaitika kwa kichwa. Akaamini. Akanisaidia kuanika.

Na ndani mjomba anadhani Fahad hakujitahidi. Hajasema, ila jana usiku nilimsikia akimwambia mama, kijana akiwa na haja ya kuja, huja.

Kosa la tarehe 3 Machi si kitu. Lilikuwa la kutojua, wamenisamehe wote na Glody kaligeuza kichekesho. Nimeliandika humu kwa kirefu ili nisitaje lile jingine.

Tarehe 11 Machi niliandika hakuna jipya. Lilikuwepo. Ujumbe wa Fahad uliingia mchana, mvua inakatika, mjomba yuko hatua mbili kutoka nilipo, anapiga pasi kola na kujiimbia. Niliusoma ukaeleweka mara ya kwanza. Barafu bado ilikuwa imara, lori lilikuwa linaondoka kesho yake, na Idi wangesali pamoja. Mjomba sikumuuliza. Nilijibu mwenyewe, kwa jina lake, kisha nikaufuta. Nilikuwa nimeitwa mwanangu mara moja, nikaona mwenye jina asirudi upesi.

Kanzu ya mwisho mjomba aliyoikata kwa jicho iko hapa msumarini, imenikaa sawasawa. Na uso wa mwisho alioutazama vizuri duniani, kisigino mpaka kipajini, akarudi, akatulia, ni wangu.